Afya kwa wote: nani anamhesabu mgonjwa aliyerudi nyumbani bila kutibiwa?

#1. Karani wa Dirishani (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Nimefuatilia mijadala ya afya kwa wote kwa muda mrefu, na karibu kila mara naona tunaishia kubishana juu ya kadi ya bima: nani anayo, nani hana, mchango uwe kiasi gani. Naomba uzi huu urudi nyuma kidogo ya kadi. Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye dirisha la malipo la hospitali moja ambayo sitaitaja, na jambo nililoliona mara nyingi zaidi pale dirishani sijalikuta katika takwimu yoyote niliyowahi kuisoma.

Nitoe mfano mmoja. Alikuja mama na mtoto mwenye homa kali. Daktari alikwisha kumwona mtoto, akaandika vipimo viwili na dawa tatu. Mama akanipitishia karatasi, nikamjumlishia, nikamtajia jumla. Hakulalamika. Aliniomba nimsomee bei ya kitu kimoja kimoja, na kila nilipotaja bei alikunja kidole. Alipomaliza akasema, "Vipimo toa vyote. Dawa nipe hii ya kwanza, na hiyo ya pili nipe nusu." Hiyo ya pili ilikuwa dawa ya kuua bakteria, dozi ya siku 5. Nikamweleza kwamba dozi hiyo haigawanywi. Akaichukua karatasi yake, akaikunja mara mbili, akamweka mtoto vizuri begani, akaondoka. Foleni ikasogea. Kwenye kompyuta nilibofya "futa", na jioni hesabu zangu zilifungwa bila upungufu wa hata senti moja.

Sasa tuyaweke maandishi ya dunia kando ya mama huyo. Septemba 2015 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilipitisha Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, yenye shabaha 169 za kufikiwa ifikapo mwaka 2030. Lengo la 3 ni la afya, na shabaha yake ya 3.8 ndiyo inayohusu afya kwa wote. Shabaha hiyo inadai mambo mawili kwa pamoja: kila mtu apate huduma muhimu zenye ubora, zikiwemo dawa na chanjo, na kuzipata kusimfilisi. Kila dai lina kipimo chake. Kipimo cha kwanza ni kielezo cha upatikanaji wa huduma, kinachoanzia 0 hadi 100. Cha pili, kwa miaka mingi, kimekuwa kikihesabu watu wanaoishi katika kaya zinazotumia zaidi ya asilimia 10, au zaidi ya asilimia 25, ya bajeti yao kwa matibabu wanayolipia wenyewe kutoka mfukoni.

Mrudisheni yule mama kwenye kipimo hicho cha pili. Alilipa kiasi gani siku ile? Hakulipa kitu. Mdadisi wa takwimu angebisha hodi kwake mwezi huo na kumuuliza ametumia fedha ngapi kwa matibabu, jibu lingekuwa sifuri, na kaya yake ingeingia kwenye safu ya kaya ambazo gharama za matibabu hazikuziumiza. Upande wa hospitali nako, rejesta ya wagonjwa wa nje inaonyesha mtoto alihudhuria na alionwa na daktari. Vitabu vyote viwili vinasema ukweli, na mtoto amerudi nyumbani na homa yake.

Sisemi vipimo hivyo havina maana. Bila vyo tungekuwa tunapapasa gizani. Ripoti ya mwaka 2023 ya Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia ilionyesha kuwa kielezo cha huduma kilipanda kutoka 45 mwaka 2000 hadi 68 mwaka 2021, lakini kati ya 2015 na 2021 kiliongezeka kwa alama 3 tu, na tangu 2019 hakikusogea. Watu wapatao bilioni 4.5 hawakuwa wamefikiwa kikamilifu na huduma muhimu. Waliokuwa wakitumia zaidi ya asilimia 10 ya bajeti ya kaya kwa matibabu walitoka asilimia 9.6 ya watu wote mwaka 2000 hadi asilimia 13.5 mwaka 2019, yaani zaidi ya watu bilioni moja. Maana yake ni kwamba huduma ziliongezeka na maumivu ya kuzilipia yakaongezeka pamoja nazo. Na hayo ni maumivu ya waliolipa.

Madirisha kama langu yana historia, wala si ya kale sana. Mwaka 1978, katika mkutano wa Alma-Ata (leo Almaty, Kazakhstan) uliohudhuriwa na nchi 134, dunia ilikubaliana kwamba huduma za afya ya msingi ndizo zitakazoleta afya kwa wote ifikapo mwaka 2000. Mwaka mmoja baadaye walianza kusikika wataalamu waliosema mpango huo ni mpana mno, afadhali kuchagua magonjwa machache na tiba chache zenye gharama nafuu. Ikafuata miaka ya 1980, madeni, bajeti za serikali zikakatwa, na mwaka 1987 yakatoka mambo mawili: Mpango wa Bamako, ambao mawaziri wa afya wa Afrika waliupitisha ili jamii zichangie gharama za dawa, na mapendekezo ya Benki ya Dunia kwamba wanaotumia huduma za serikali watozwe ada. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: fedha zibaki kituoni, dawa zisikauke, na maskini wasamehewe.

Huo msamaha ndio ninaoujua mimi. Pale kwetu uliombwa kwa fomu, fomu ilihitaji barua, na barua ilihitaji saini ya ofisa aliyekuwa akipatikana siku mbili kwa wiki. Aliyeweza kuzungukia saini hizo zote mara nyingi hakuwa yule aliyezihitaji zaidi. Aliyekuwa hana kabisa aliona haya hata kuuliza kama fomu ipo.

Hoja yangu basi ni hii, na ningependa ipigwe nyundo na wenye kujua zaidi: neno "wote" katika afya kwa wote haliwezi kupimwa kwa kuanzia na waliofika na kulipa. Linapaswa kuanzia kwa aliye mwisho wa foleni, na hasa kwa aliyetoka kwenye foleni.

#2. Mlipakodi

Mwanzisha uzi, umeandika kwa uchungu, nami sina ubishi na mfano wako. Ubishi wangu uko kwenye suluhisho ambalo hujalitaja ila ninaliona linakuja, yaani "huduma ziwe bure". Hakuna huduma ya bure duniani. Daktari analipwa, dawa inanunuliwa, umeme wa chumba cha upasuaji una ankara. Ukiliondoa dirisha lako, gharama haiondoki, inahamia kwangu mimi ninayekatwa kodi kila mwezi kabla sijaugusa mshahara.

Pia sielewi kwa nini watu wasiuziwe bima kwa bei nafuu na kuachiwa waamue wenyewe. Mtu mzima anajua kununua simu na muda wa maongezi. Kwa nini asijue kununua kinga ya afya yake? Akikataa, ameamua. Nikitazama nchi tajiri tunazozisifia, nyingi zina bima, na nyingine bima hizo zina zaidi ya miaka 100.

#3. Karani wa Dirishani

Mkuu Mlipakodi, asante kwa kuja moja kwa moja. Kwamba hakuna cha bure tunakubaliana, na neno hilo mimi silitumii. Suala ni lini unalipa na kwa kipimo gani. Dirishani unalipa siku ambayo umeumwa na hukwenda kazini, na unalipa kwa kiwango cha ugonjwa wako. Katika mfuko wa pamoja unalipa ukiwa mzima, kwa kiwango cha kipato chako. Fedha inaweza kuwa ileile kwa jumla yake; tofauti ni kwamba ya kwanza inamkuta mtu akiwa dhaifu kuliko siku zake zote.

Kuhusu bima ya hiari, tufuate hesabu yake mpaka mwisho. Ukiniuzia bima kwa hiari, nani atakuwa wa kwanza kuinunua? Mwenye kisukari, mjamzito, mwenye mzazi anayesafishwa figo. Kijana mwenye nguvu atasema mwakani. Mfuko utajaa wanaoumwa, matumizi yatazidi michango, mchango utapandishwa, na ukipandishwa atatoka yule aliyekuwa na nafuu kidogo, kisha utapandishwa tena. Hakuna uovu wa mtu yeyote hapo. Kila mmoja amefanya hesabu iliyo sahihi kwa nafsi yake. Ndiyo maana sioni nchi iliyofikia watu wake wote kwa hiari tupu. Ama mchango ni wa lazima, ama fedha inatoka kwenye kodi, ama vyote viwili, na asiye na uwezo analipiwa.

Hizo bima zenye zaidi ya miaka 100 nazo zinafundisha. Ujerumani, chini ya kansela wake Bismarck, ilipitisha sheria ya bima ya ugonjwa mwaka 1883, lakini ilikuwa ya wafanyakazi, na ilikuwa ya lazima. Kuipanua kuwafikia wengine kulichukua vizazi. Japani ilifika kwa wote mwaka 1961. Korea Kusini ilianza na waajiriwa wa makampuni makubwa mwaka 1977 na ikakamilisha mwaka 1989, miaka 12 tu, lakini hiyo ilikuwa nchi ambayo viwanda na ajira rasmi vilikuwa vikikua kwa kasi isiyo ya kawaida. Mahali ambapo watu wengi hawana mwajiri wa kuwakata mshahara, njia ya kuanza na waajiriwa huwa inakwama katikati: waajiriwa wanapata kitita kizuri cha huduma, wanakizoea, wanakilinda, na kila unapopendekeza mfuko wao uunganishwe na wa wengine unasikia kelele. Waliobaki nje wanaambiwa zamu yao inakuja.

Kwa upande mwingine ipo Thailand. Mwaka 2002 ilichukua watu wote waliokuwa nje ya mfuko wa watumishi wa umma na ule wa hifadhi ya jamii, kiasi cha robo tatu ya wananchi wake, ikawaingiza kwa mkupuo katika mpango mmoja unaogharamiwa na kodi ya jumla. Mgonjwa alilipa baht 30 (baht ni fedha ya Thailand) kwa kila mara alipotibiwa, na maskini hakulipa. Wengi wanaikumbuka hiyo 30. Kinachosahaulika ni kwamba tangu miaka ya 1970 nchi hiyo ilikuwa ikijenga hospitali za wilaya na kuwapeleka madaktari wapya vijijini kwa lazima, hivyo siku mlango ulipofunguliwa kulikuwa na kitu nyuma ya mlango. Jambo jingine, mfuko haukulipa hospitali kwa kila kipimo na kila sindano. Kwa wagonjwa wa nje ulilipa kiasi maalumu kwa kila mtu aliyeandikishwa, kwa hiyo hospitali haikuwa na faida ya kumwandikia mgonjwa vipimo asivyovihitaji.

Ghana, katika sheria yake ya mwaka 2003, iliweka tozo ya asilimia 2.5 inayokusanywa kwa njia ya kodi ya ongezeko la thamani, badala ya kutegemea michango ya mtu mmoja mmoja peke yake. Rwanda ilipanga kaya kwa madaraja ya uwezo, mchango ukafuata daraja, na kaya za chini kabisa zikalipiwa. Kila moja ina matatizo yake, na wapo humu watakaoyaeleza. Ila zote tatu zilikubali kwamba yupo mtu asiyeweza kulipa hata "bei nafuu", na zikamtengea fedha tangu mwanzo badala ya kumtengenezea fomu.

#4. Nesi wa Zamu ya Usiku

Ndugu zangu, mnaongea habari za fedha kana kwamba fedha ikipatikana mgonjwa ametibiwa. Naomba niwapeleke wodini.

Zipo zamu ambazo niko peke yangu na wajawazito 11, na kifaa cha kupimia presha ni kimoja. Ninapomfunga mkono mmoja, kumi wanasubiri. Kifafa cha mimba hakisubiri zamu. Katika wodi hiyo huduma zote za uzazi hazina malipo, na hakuna hata mmoja wa wanawake hao aliyepita kwenye dirisha la Karani. Kwa kadi na kwa sheria wote wamefikiwa.

Mfano ambao huwa naupa uzito ni Uganda. Machi 2001 nchi hiyo ilifuta ada katika vituo vya afya vya serikali. Watu walimiminika, na ongezeko lilikuwa kubwa zaidi kwa maskini, jambo ambalo peke yake linathibitisha kwamba ada ndiyo iliyokuwa imewazuia. Lakini watafiti walipoangalia miaka michache baadaye, sehemu ya kaya maskini zilizokuwa zikielemewa na gharama haikuwa imepungua. Sababu mojawapo iliyotajwa ni dawa: zilikuwa zikiisha vituoni, mgonjwa anaandikiwa karatasi na kuambiwa akanunue nje. Dirisha lilihamia barabarani.

Kisha kuna sisi wenyewe. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba ifikapo 2030 dunia itakuwa na upungufu wa wahudumu wa afya wapatao milioni 11, wengi wao katika nchi zenye kipato cha chini na cha chini-kati. Wakati huohuo nchi zenye uwezo zinatangaza nafasi za kazi kwa wauguzi waliosomeshwa kwa kodi za nchi zisizo na uwezo. Wenzangu wanne wa darasa moja wameondoka, na siwalaumu hata kidogo. Mwenye lawama ni yule anayepanga hesabu zake akijua kwamba mafunzo ya mtumishi wake yatalipiwa na mwingine.

Mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 duniani walifariki kwa sababu zinazohusiana na ujauzito na uzazi, na zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha chini-kati. Sababu kubwa ni zilezile tunazofundishwa mwaka wa kwanza: kutokwa damu, presha ya mimba, maambukizi. Dawa za kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua si ngeni wala si za gharama kubwa. Inayotumika zaidi, oxytocin, inataka jokofu linalofanya kazi, mtu anayejua kuichoma, na mtu huyo awe macho saa 9 usiku akiwa hajaketi tangu saa 1 jioni.

Jambo la mwisho ni dogo lakini linafukuza watu kuliko bei: kauli. Mwanamke aliyetukanwa alipojifungua mtoto wa kwanza hatarudi kwa wa pili, hata umwekee gari la kumchukua. Hilo halimo kwenye kitita chochote cha mafao, na kosa ni letu.

#5. Mtakwimu

Salaam kwa wote. Naingia kwa sababu mwanzisha uzi amevigusa vipimo, na ameviweka karibu na mahali pake.

Kielezo cha huduma hujengwa kwa viashiria 14 vilivyogawanywa katika makundi manne: afya ya uzazi na mtoto, magonjwa ya kuambukiza, magonjwa yasiyoambukiza, na uwezo wa mfumo wenyewe, kama idadi ya wahudumu na vitanda. Viashiria hivyo haviunganishwi kwa wastani wa kawaida bali kwa kuzidishwa na kutafutiwa kipeuo, ili nchi iliyo hoi upande mmoja isijifiche nyuma ya mafanikio ya upande mwingine. Ni ubunifu mzuri. Ukiangalia kilichokivuta kielezo juu tangu mwaka 2000, utaona sehemu kubwa ni magonjwa ya kuambukiza: dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, vyandarua, matibabu ya kifua kikuu. Presha na kisukari vimesogea polepole.

Hata hivyo kielezo hicho hulinda dhidi ya wastani wa aina moja tu, wastani kati ya huduma na huduma. Hakilindi dhidi ya wastani kati ya mtu na mtu. Chukueni nchi ya kufikirika yenye watu 100: 50 wenye nafuu na 50 wasio nayo. Mwanzo, wenye nafuu 40 wanapata huduma fulani, na wasio nayo 20. Jumla ni 60. Baada ya miaka kumi jumla ni 70. Waziri anasimama na kutangaza maendeleo, na ni kweli. Lakini hizo 10 zilizoongezeka zinaweza kuwa zote za upande wa kwanza, ambao sasa wamefikiwa wote 50, huku wa pili wakibaki 20 vilevile. Kwa viashiria kadhaa kati ya hivyo 14 nchi nyingi hazina takwimu zilizochambuliwa kwa kipato, kwa elimu au kwa mahali mtu anapoishi, hivyo ile nchi ya kwanza na ile iliyowainua wasio nacho hutoka na alama sawa.

Hii si dhana ya kubuni. Mwaka 1971 Julian Tudor Hart, daktari wa kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales, Uingereza, aliandika katika jarida la kitabibu la Lancet kwamba huduma nzuri za tiba huelekea kupungua pale zinapohitajika zaidi, na kwamba hali hiyo huwa mbaya zaidi kadiri huduma zinavyoachiwa nguvu za soko. Aliandika hayo akiwa ndani ya nchi ambayo tayari ilikuwa na huduma ya taifa isiyolipiwa mlangoni tangu Julai 1948. Kuondoa bei hakukuondoa tofauti hiyo. Kulipunguza ukali wake.

Kuhusu kipimo cha pili, mwanzisha uzi apokee taarifa: mwaka 2025 kilifanyiwa marekebisho. Sasa hakitazami tena asilimia 10 ya bajeti yote. Kinatazama kama matibabu yamechukua zaidi ya asilimia 40 ya kile kinachobaki baada ya kuondoa fedha ya mahitaji ya msingi. Faida yake ni kwamba maskini ambaye hakuna kinachombakia akilipa hata kiasi kidogo anahesabiwa kuwa ameumizwa, wakati zamani kiasi hicho kidogo kilipita chini ya asilimia 10 bila kuonekana. Ni hatua kubwa. Lakini lazima awe amelipa kitu. Yule mama wa dirishani bado hayumo.

#6. Mlipakodi

Nimesoma yote, na kwa bima ya hiari narudi nyuma. Ile hesabu ya mfuko kujaa wagonjwa sikuwa nimeifuata hadi mwisho. Kwenye kodi bado nina swali moja, na si la ubishi. Fedha haitoshi kufanya kila kitu. Nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ziliahidi jijini Abuja, Nigeria, mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na nyingi hazijafika hapo hadi leo. Ukipewa nusu ya unachohitaji, unampa kila mtu kidogo, au unawapa wachache kamili?

#7. Karani wa Dirishani

Mkuu, hilo ndilo swali ambalo mipango mingi hulijibu kimyakimya bila kuliuliza. Wataalamu huchora mchemraba wenye pande tatu: watu wangapi wamefikiwa, huduma zipi zimejumuishwa, na sehemu gani ya gharama inabebwa na mfuko. Fedha isipotosha, lazima upande mmoja uwe mfupi. Mimi ningefupisha upande wa huduma. Afadhali kitita chembamba kinachomfikia kila mtu bila malipo ya dirishani kuliko kitita kinene cha wachache. Na kitita chembamba si kitu duni: Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 90 ya huduma zinazounda afya kwa wote zinaweza kutolewa kupitia huduma za afya ya msingi, yaani zahanati, kituo cha afya na mhudumu wa ngazi ya jamii. Hospitali ya rufaa inayopasua moyo ni fahari ya taifa, nami naipenda, lakini ukiianza hiyo inakula fedha ya zahanati 100 na wanaoifikia ni wale wanaoishi karibu nayo.

Kuhusu usawa, Nesi ametukumbusha kwamba mlango uliofunguliwa sawasawa kwa wote haufungukii wote. Zahanati inayofunguliwa asubuhi na kufungwa alasiri inamtendea kila mtu sawa kwenye karatasi. Mwajiriwa anaomba ruhusa na mshahara wake uko palepale. Kibarua wa kutwa akipanga foleni amepoteza siku nzima ya riziki, na hiyo nayo ni ada, ila haina stakabadhi. Zahanati hiyohiyo ikifunguliwa jioni mara mbili kwa wiki gharama inaongezeka kidogo na anayefika ni mtu mwingine kabisa.

Ndugu Mtakwimu, asante kwa taarifa ya marekebisho. Umesema mama yule bado hayumo, nami nadhani angeweza kuwemo bila utafiti mkubwa. Kila kituo chenye kompyuta kina daftari mbili ambazo hazijawahi kukutanishwa: karatasi zilizoandikwa na daktari, na karatasi zilizolipiwa au kutolewa dawa. Toa ya pili kwenye ya kwanza. Kinachobaki ni idadi ya watu waliofika, wakaambiwa wanahitaji nini, wakaondoka bila kukipata. Hakitakupa waliokufa nyumbani bila kufika kabisa, kwa hao unamhitaji mhudumu wa jamii anayepita nyumba kwa nyumba. Lakini ni mwanzo, na hakigharimu chochote.

Mwaka wangu wa mwisho pale nilimwendea mtu wa mfumo wa kompyuta, nikamwomba anitolee orodha ya ankara zote zilizofutwa dirishani kwa mwaka mzima, bila majina, idadi tu na dawa zilizoandikwa. Alikuwa kijana msikivu, akaufungua mfumo mbele yangu. Akanieleza kwamba ankara zilizofutwa husafishwa kila mwisho wa mwezi ili zisijaze nafasi, na ya mwezi ule ilikuwa imesafishwa jana yake.